Kifuniko

Mwaka wa tatu wa uzamivu
nilijua harufu ya ghorofa ya chini tu:
kahawa iliyochacha, jokofu lenye kikohozi,
na chupa zangu mia mbili kumi na mbili
za udongo mweusi wa kinamasi,
kila moja ina tarehe kwa mwandiko wangu,
kila moja inapumua, ndivyo nilivyotumaini,
gesi kidogo, kidogo, ya kuhesabika.

Grafu ilikataa.
Ilipaswa kupanda kama ngazi;
ikalala kama paka.
Msimamizi wangu, Profesa Kaljula, mtu mwema,
hujibu barua baada ya wiki mbili
kwa neno moja: Rudia.
Nikarudia. Paka akajigeuza, akalala upande wa pili.

Ndipo Virve wa ofisini aliponisukumia fomu:
shule ya kiangazi, siku tisa, kituo cha kinamasini.
"Chakula kipo, mbu wapo,
na utarudi Tartu na alama tatu za kozi."
Nilifuata alama.
Niseme kweli: nilikimbia jokofu.

Tulikuwa kumi na tisa.
Gundars kutoka Latvia, mrefu, mwoga wa nyoka.
Oyunbileg, aliyesafiri siku mbili kutoka Mongolia
na sanduku la sampuli mapajani kama mtoto mchanga.
Fearghal wa Ireland: babu yake aliuchoma udongo huu jikoni,
yeye anaupima kwa miligramu.
Mchana tulifuatana kwenye njia ya mbao,
misonobari ya miaka mia ikitufika kiunoni,
na Bi Halszka, mwalimu wa takwimu, akazama hadi gotini;
mguu ukatoka, buti likabaki.
Akamalizia somo la makosa ya vipimo
kwa soksi moja.

Siku ya tano alitoa amri:
"Leo sitaki matokeo mazuri.
Nionyesheni kilichogoma."

Nikabandika grafu yangu ukutani.
Mikono ilinitoka jasho. Kimya.
Kisha Gundars akacheka, cheko la mtu aliyekutana na jirani ugenini:
"Huyo paka namjua!
Alilala kwangu miezi kumi na minne."
Oyunbileg akasogea, akaitazama picha ya chupa.
"Vifuniko ni vya mpira mwekundu, au wa kijivu?"
Mwekundu.
Nusu ya chumba ikaguna.

Mpira mwekundu unavuja.
Haikuandikwa kwenye makala yoyote niliyosoma,
na nilisoma mia nne.
Ilikuwa imeandikwa ndani ya watu,
na watu hawana faharasa;
ni lazima ukae nao, ule nao, upakwe nao dawa ya mbu.

Usiku ule jua halikutaka kuzama.
Saa sita usiku, nje ya sauna, nywele zikivuja maji,
nilisoma jina langu kwenye kitambulisho bila taa.
Fearghal alisema anataka kuacha masomo.
Hakuna aliyemwambia asiache.
Oyunbileg alimkatia mkate mweusi, akampakia siagi nene,
na tukabishana kuhusu mvua mpaka ndege wakaanza kelele,
kama kwamba walikuwa wamenyamaza.

Fearghal hajaacha. Au hajasema.
Bi Halszka hakulipata buti.

Nilirudi, nikang'oa vifuniko mia mbili kumi na viwili.
Grafu haijawa ngazi;
paka ameinua kichwa, basi.
Wakati mwingine, alfajiri, simu inawaka:
Kijivu?
Kijivu, najibu, nalala tena.

Nilimpelekea Profesa kifuniko kimoja mkononi,
sikuandika barua.
Nikamweleza yote, kwa haraka, nikiwa nimesimama mlangoni.
Alikibonyeza kwa kidole gumba,
kikarudi pole pole,
akakibonyeza tena.
Akavua miwani.
"Mwaka themanini na sita," akasema,
"nilidhani ni mimi."